Moshi wa Buluu Chini ya Ngomo

Uvira ni mji uliobanwa. Mashariki ni Ziwa Tanganyika, magharibi ni milima ya Mitumba, na katikati mji umejinyoosha kutoka mpaka wa Kavimvira hadi bandari ya Kalundu, nyumba zikifuata barabara. Barabara yenyewe ni moja, ya Taifa namba 5. Ukielekea kaskazini unapita Kiliba, Sange, Luvungi na Kamanyola, ndipo unaupanda mlima hadi Bukavu. Ukielekea kusini unafuata ufuko kupitia Makobola na Mboko hadi Baraka. Gari la Uvira halina pa kujificha. Likiwa na ugonjwa, barabara hiyo italiumbua, na mwenye jicho ataujua ugonjwa kabla hajashika spana.

Ndivyo alivyoijua kazi fundi mmoja wa mji huo, aliyeanza akiwa kijana wa kuosha vipuri kwa mazuti, na ambaye leo vijana wa gereji wanamwita papa. Magari aliyoyakuta si haya ya sasa. Zamani kazi kubwa ilikuwa malori na Land Cruiser. Siku hizi barabara imejaa Toyota ndogo zilizotumika Japani, zikashushwa Dar es Salaam, zikafika ziwani zikiwa na usukani upande wa kulia katika nchi ambayo magari hupita kulia. Nyingi huwa zimeshatembea miaka kumi na ushei kabla ya kukanyaga Kongo, na daftari la matengenezo halikusafiri nazo. Lalamiko analolisikia kuliko yote ni la oili.

"Papa, moteri iko inakula mafuta."

Jibu lake halijabadilika tangu nywele zikiwa nyeusi: "Inakula ngapi? Na inakula ukiwa wapi?"

Madereva wengi hawana jibu la swali lolote kati ya hayo mawili, na hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea. Anamkumbuka dereva mmoja wa Probox aliyemjia akiwa amekwisha kuambiwa kwingine kwamba ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe yote, na akadirie bei ya injini nyingine kabisa. Kijana huyo alikuwa analipa deni la gari. Alikaa kwenye tairi kuukuu, mikono magotini, akasema kila asubuhi anaongeza nusu chupa ya oili na bado kijiti kinaonyesha pungufu. Fundi hakufungua chochote. Alimwomba asukume gari hadi penye uwanja uliolala, upande wa ziwa, akasubiri dakika kadhaa oili ishuke sampuni, akafuta kijiti, akakirudisha, akakitoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa vidole viwili.

Kijana alikuwa analaza gari lake kwenye mtaa wa mlimani, pua ikitazama juu, na analipima asubuhi palepale kwenye mteremko. Katika mji uliojengwa miguuni pa milima, kosa hilo ni rahisi mno. Oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, kijiti kinaonyesha njaa isiyokuwepo, dereva anaongeza. Ikizidi sana, krenkishafti inaichapa hadi inatoa povu, povu linapanda kwa njia ya kupumulia ya injini, linaingia kwenye manifoldi ya hewa na kuchomwa pamoja na esansi. Moshi ukatoka kweli, wa buluu kweli, kwenye injini ambayo ringi zake hazikuwa na kasoro. Dawa ilikuwa kumwaga iliyozidi.

Tangu hapo kila gari linaloletwa kwake kwa tuhuma ya kula oili linaanza na kipimo, na kipimo hakifanywi kwa macho. Injini ipate moto, izimwe, gari lisimame pasipo mteremko, ijazwe hadi alama ya juu bila kupita, na namba ya kilomita iandikwe. Kisha dereva aendelee na kazi yake. Kwenda Bukavu na kurudi ni kilomita 250 hivi, kwa hiyo safari chache zinatosha kutoa jibu. Katika injini nyingi ndogo, nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja, hivyo hesabu si ngumu. Injini yoyote inakula oili kidogo, kwa sababu utando mwembamba unaobaki kwenye ukuta wa silinda lazima uungue. Inayokula lita nzima katika kilomita 1,000 imekwisha kuvuka mpaka. Inayokula robo lita inahitaji kuangaliwa, haihitaji kupasuliwa.

Baada ya kiasi kujulikana linakuja swali ambalo vijana wengi wa gereji huliruka: je, oili inaungua au inamwagika? Vumbi la bonde la Ruzizi ni msaidizi mzuri hapa. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, barabara ya Sange na Luvungi hufunika kila kitu kwa unga mwekundu, na popote palipo na oili unga huo unashika na kuwa tope jeusi. Fundi huosha injini kwa sabuni, anaikausha, anampeleka dereva hadi Sange na kurudi, kisha anaingia chini na tochi. Gasketi ya kifuniko cha valvu, sili ya mbele ya krenkishafti, sili ya nyuma karibu na gia, filta ya oili iliyofungwa vibaya: kila moja huacha alama yake. Kuna moja inayodanganya hata wazoefu. Oili ikidondoka kutoka kifuniko cha valvu juu ya bomba la ekzosi lenye moto, abiria wananusa mafuta yaliyoungua na wanaona moshi. Lakini moshi huo unatoka chini ya boneti. Kule nyuma bomba ni safi.

Rangi nayo ina maana yake. Buluu ni oili, nyeusi ni esansi au mazuti yaliyozidi, nyeupe nzito yenye utamu puani ni maji ya rejeta yanayopita kwenye gasketi ya silinda hedi. Hayo kila mtu barabarani anayajua. Kinachomtofautisha fundi huyu ni kwamba yeye anauliza moshi ulitoka saa ngapi na mahali gani, na kwa hilo hakuna chombo kinachoshinda mlima wa Ngomo.

Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Bukavu iko karibu mita 1,500. Kati ya Nyangezi na Kamanyola, barabara ya Ngomo inashuka kwa kona baada ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Madereva wengine wanaikwepa kwa kupita Rwanda, kupitia Kamembe na Bugarama, lakini mteremko ni uleule kwa upande mwingine wa mto Ruzizi. Dereva anayeshuka huko hawezi kutegemea breki peke yake. Anaingiza gia nzito, anaachia aksileta, injini inashika gari. Katika hali hiyo mlango wa hewa umefunga huku pistoni zikiendelea kuvuta, na ndani ya manifoldi mvuto unakuwa mkali kuliko wakati mwingine wowote. Kama sili za valvu zimekakamaa kwa joto na umri, mvuto huo unanyonya oili kutoka juu ya silinda hedi, inateremka kwenye shina la valvu na kujikusanya. Dereva anafika Kamanyola, barabara inalala, anakanyaga aksileta. Wingu la buluu linafumka nyuma, abiria wa gari linalofuata wanafunga vioo, kisha moshi unakwisha kama haukuwepo.

Gari lenye ringi zilizochoka linafanya kinyume. Linapanda Ngomo likiwa na mzigo wa samaki au magunia ya mchele wa bonde la Ruzizi, na moshi unalifuata kila kona, mwembamba lakini haukatiki, kwa sababu mlipuko ndani ya silinda unasukuma gesi chini na kila pistoni inapopanda inabeba oili ambayo ringi zilipaswa kuikwangua. Asubuhi gari hilohilo linaweza kuwaka bila moshi wowote. Lenye sili mbovu za valvu ndilo linalotoa pumzi moja ya buluu alfajiri, baada ya oili kudondoka usiku kucha juu ya valvu zilizofungwa, na ndilo linalotoa moshi likikaa muda mrefu kwenye foleni ya Kavimvira kusubiri kuvuka kwenda Gatumba upande wa Burundi kisha likaondoka.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa dereva wa Bukavu ni hili: moshi unauona ukipanda, au unauona ukifika chini? Dereva asiyejua anaambiwa akatazame, au fundi anapanda naye. Hata hivyo mlima hautoi hukumu ya mwisho. Ringi za oili, yaani zile za chini kabisa kwenye pistoni, zikiwa zimeganda kwa kaboni, mvuto wa mteremko unaweza kuvuta oili kupitia hapo pia, na wingu la Kamanyola likaonekana sawa na la sili. Hapo vinahitajika vyombo.

Plagi hutoka kwanza, maana hazigharimu kitu. Moja ikiwa imelowa na tatu zikiwa kavu, tatizo liko kwenye silinda moja. Zote nne zikiwa na ukoko mweusi unaong'aa, tatizo ni la injini nzima, na kabla ya kufikiria pistoni inabidi kuangalia kile kivalvu kidogo cha kupumulia kilichochomekwa kwenye kifuniko. Kinatolewa, kinatikiswa sikioni. Kikiwa kizima kinalia; kikiwa kimeziba kwa uchafu hakitoi sauti, na gesi zilizoshindwa kutoka zinasukuma oili popote penye upenyo. Ni kipuri cha bei ya chakula cha mchana. Inashangaza ni mara ngapi injini hufunguliwa kabla ya kivalvu hicho kutikiswa.

Kisha geji ya mgandamizo. Hapa liko jambo ambalo fundi huyu analisema kwa ukali kidogo, kwa sababu ameona watu wakiumizwa nalo kwa pande mbili.

Upande wa kwanza ni kimo. Kitabu cha Toyota cha injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyomo ndani ya Probox, kinataja takriban kilo 15 kwa sentimita ya mraba kwa injini nzima, kisishuke chini ya 11, na silinda zisipishane kwa zaidi ya kilo moja. Namba hizo ni za hewa ya usawa wa bahari. Uvira hewa ni nyepesi kwa asilimia 8 hivi, Bukavu kwa karibu asilimia 15. Injini nzima kabisa itasoma karibu 14 ufukoni na chini ya 13 juu kule. Fundi asiyelijua hilo anamwambia mteja wa Bukavu kwamba injini yake inachoka, wakati kinachopungua ni hewa. Ndiyo maana yeye haangalii namba moja. Anazilinganisha silinda zenyewe kwa zenyewe. Silinda iliyo chini anaidondoshea kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena. Namba ikipanda, oili imeziba pengo la ringi. Isipopanda, hewa inatoroka kwa valvu au kwa gasketi. Akiwa na kompresa anasukuma hewa ndani ya silinda huku pistoni ikiwa juu, anaweka sikio: sauti ikitoka kwenye tundu la kujazia oili ni ringi, ikitoka ekzosi ni valvu ya kutolea moshi, ikitoka kwenye filta ya hewa ni valvu ya kuingizia, na maji ya rejeta yakichemka povu ni gasketi.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Alifika kwake dereva wa teksi ambaye injini yake ilipimwa mahali pengine, mgandamizo ukawa mzuri kwenye silinda zote, akaambiwa ringi ni nzima, sili za valvu zibadilishwe. Zikabadilishwa. Moshi ukabaki, fedha zikaondoka. Kosa halikuwa kwenye geji. Pistoni ina ringi tatu: mbili za juu ndizo zinazozuia mlipuko, na ya chini kazi yake ni kukwangua oili na kuirudisha sampuni kupitia vitundu vya pistoni. Geji inazisoma zile mbili tu. Ringi ya oili inaweza kuganda kabisa ndani ya mfereji wake, vitundu vikaziba kwa kaboni, na geji bado ikaonyesha namba za injini mpya. Mgandamizo mzuri ni ushahidi kuhusu mgandamizo, basi.

Hilo si jambo la gereji za Uvira peke yake. Injini ya Toyota ya 1ZZ-FE, lita 1.8, ilijulikana duniani kwa kula oili katika matoleo yake ya mwanzo, kwa sababu vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni vilikuwa vichache na vidogo. Kampuni ikabadilisha pistoni baadaye. Nchini Marekani malalamiko yalikuwa makubwa zaidi kwa 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyowekwa katika Camry za 2007 hadi 2009 na RAV4 za 2006 hadi 2008, miongoni mwa nyingine. Toyota iliweka kipimo: gari lililokula zaidi ya takriban lita 0.95 katika maili 1,200, yaani kilomita 1,930 hivi, lilibadilishiwa pistoni na ringi. Injini hiyohiyo imo ndani ya Alphard na Estima zinazokuja Afrika Mashariki. Mwenye gari wa Uvira hakuwahi kupelekewa barua ya mpango ule, lakini fundi anayejua alama ya injini anajua pa kuanzia kutilia shaka.

Barabara nayo ina sehemu yake ya lawama. Filta ya hewa iliyochanika, au iliyopulizwa mara nyingi hadi karatasi ikatoboka, inapitisha vumbi la Luvungi moja kwa moja silindani, na vumbi hilo ni mchanga uliosagwa. Linakwangua ukuta hadi alama za kiwandani zinafutika. Kwa madereva wa bonde la Ruzizi, filta mpya wakati wa kiangazi ni nafuu kuliko ringi.

Na kuna maji. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika katikati ya Uvira. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na habari za magari hazikuwa na nafasi katika msiba ule. Ziliibuka baadaye, watu walipoanza kutafuta namna ya kurudi kazini. Gari lililolala majini na likawashwa kwa haraka lilipindisha mkono wa pistoni. Lililoachwa bila kuwashwa lilipata ugonjwa wa polepole: maji silindani, kutu kwenye ringi, vishimo kwenye ukuta. Liliwaka, likatembea, likaanza kunywa oili. Mwaka huohuo Burundi ilikuwa imefunga mpaka kwa sababu ya Covid-19, na vipuri vilivyozoeleka kununuliwa Bujumbura asubuhi na kufungwa jioni vikawa mbali. Fundi anaukumbuka mwaka ule kama mwaka aliojifunza kupima mara mbili kabla ya kufungua, kwa kuwa injini iliyofunguliwa bila ringi za kurudishia ni familia isiyokula.

Wakati huo ndipo alipoipa uzito njia ya kulowesha. Ringi ya oili iliyoganda kwa kaboni, na ambayo haijakwisha, wakati mwingine hulegea. Pistoni zinawekwa katikati ya mwendo wake, kila silinda inamiminiwa kimiminika cha kuyeyusha kaboni, inaachwa usiku. Asubuhi, plagi zikiwa bado nje, injini inazungushwa kwa stata hadi kilichobaki kirushwe chote; anayesahau hatua hiyo na kufunga plagi anaweza kuvunja pistoni, kwa kuwa kimiminika hakigandamizwi. Oili yote inamwagwa na filta inabadilishwa, maana uchafu umeshuka sampuni. Kwa baadhi ya magari ulaji umepungua kwa nusu. Kwa mengine haikubadilika kitu, na hapo injini ikafunguliwa kwa haki.

Ikifunguliwa, anapima ukuta wa silinda juu, katikati na chini. Injini hizi ndogo zina silivu nyembamba zilizomiminiwa ndani ya bloku ya alumini, na kuzichonga zipanuke si kazi ya kuthubutu. Ukuta ukiwa umeliwa, anamshauri mwenye gari anunue injini iliyotumika, na hiyo nayo yeye fundi apewe nafasi ya kuipima plagi na mgandamizo kabla fedha hazijatolewa. Ukuta ukiwa mzima, zinaingia ringi mpya, mapengo yake yakipishanishwa, na kwa kuwa silinda hedi imeshatoka, sili za valvu zinabadilishwa palepale.

Gari likitoka haliendi Bukavu. Linaelekezwa kusini, barabara ya ufukoni hadi Makobola na kurudi, bila mzigo, mwendo ukibadilishwa-badilishwa ili ringi zikae. Dereva hatakiwi kushangaa oili ikipungua kidogo katika safari hizo za mwanzo. Kwenye kilomita 1,000 oili inamwagwa, inajazwa mpya hadi alama ya juu kwenye uwanja uleule uliolala upande wa ziwa, na daftari linaanza upya. Kilomita 1,000 nyingine zikiisha bila kula hata nusu lita, dereva anaruhusiwa kupakia abiria wa Ngomo.